Kampuni Imejenga, Mwenyewe Analala Ndani: Mwongozo Kamili wa Mgogoro wa Kodi Uganda

Mkaguzi wa kodi akija kwenye jengo lako, swali lake la kwanza mara nyingi halihusu hesabu. Anasimama kwenye ngazi, anainua macho, anauliza: "Na huku juu anakaa nani?"

Ukizunguka Kampala, Jinja, Mbale au Arua utayaona majengo ya namna hii kila mtaa. Chini kuna maduka na ghala, juu kuna sebule, vyumba vya watoto na roshani yenye nguo zilizoanikwa. Saruji, nondo na mabati vililipwa na akaunti ya kampuni, na nyumbani hakuna aliyeona tatizo. Kampuni ni ya baba, nyumba ni ya baba, tatizo litoke wapi?

Linatoka hapa: kisheria kampuni ni mtu mwingine. Ina namba yake ya mlipakodi (TIN), mali yake na kodi yake. Ukilala kwenye chumba chake bila kulipa, amekupa kitu, na Mamlaka ya Mapato, URA, itataka kujua amekupa kwa jina gani. Karibu mgogoro wote unazunguka hilo jina. Nimeshika vitabu vya wafanyabiashara wa aina hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi hawashindwi kwa kuwa wamedanganya. Wanashindwa kwa sababu jengo lao lina majina matatu kwenye karatasi tatu tofauti.

Sitataja namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika 1 Julai 2024 lilizibadilisha, na barua nyingi za miaka ya nyuma bado zina namba za zamani. Shika jambo lenyewe, namba atakutafutia mshauri wako.

Kwanza: chagua mlango mmoja

Faida ya kukaa kwenye jengo la kampuni inaweza kupita milango minne: mshahara, gawio, pango au deni. Mlango uchague mapema, wewe mwenyewe. Usipochagua utachaguliwa, na atakayekuchagulia hatatafuta wa bei nafuu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hajji mmoja wa Arua ni mkurugenzi na mwanahisa. Kampuni inamlipa mshahara wa shilingi milioni 6 kwa mwezi, yaani milioni 72 kwa mwaka. Anakaa ghorofa ya juu, ambayo mtu baki angeipanga kwa milioni 3 kwa mwezi, milioni 36 kwa mwaka.

Mlango wa mshahara. Sheria ya kodi ya mapato inauhesabu ukurugenzi kuwa ajira, kwa hiyo nyumba anayopewa Hajji ni marupurupu ya kazi na inaingia kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Thamani yake ni kiasi kidogo kati ya viwili: pango la soko, au asilimia 15 ya mapato yake yote ya ajira ukijumlisha na lile pango. Kwa Hajji pango ni milioni 36. Kiasi cha pili ni asilimia 15 ya milioni 108, yaani milioni 16.2, na hicho ndicho kidogo. Kwa mwezi ni milioni 1.35 inayojumlishwa kwenye mshahara, na kwa kuwa hajafika milioni 10 kwa mwezi, nyongeza hiyo inakatwa asilimia 30. Kodi ni milioni 4.86 kwa mwaka. Angekuwa amevuka milioni 10 kwa mwezi, kila shilingi ya juu ingekatwa asilimia 40.

Wengi hudhani hiyo 15 inafunika kila kitu. Haifuniki. Umeme wa Yaka (ule wa kulipia kabla), maji, mshahara wa msaidizi wa nyumbani, dereva na mtunza bustani vinahesabiwa kwa gharama yake kamili, ukitoa tu kile ambacho Hajji amelipa mwenyewe. Nimewahi kuona msaidizi wa nyumbani amewekwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa duka kama "msaidizi wa ghala". Mkaguzi aliomba kuzungumza naye, akaambiwa ameenda kuchukua watoto shuleni.

Mlango wa gawio. Tafsiri ya gawio katika sheria haikomei kwenye pesa zinazotangazwa mwisho wa mwaka. Thamani ya mali au huduma ambayo kampuni inampa mwanahisa au mtu wake wa karibu, ikiwa kiini chake ni kugawa faida, nayo ni gawio. Mke, watoto na ndugu wanaingia humo. Kodi ya zuio, ile ambayo kampuni huikata kabla ya kumpa mwanahisa, ni asilimia 15, kwa hiyo milioni 36 za Hajji zinazaa milioni 5.4, na kampuni isipoizuia inadaiwa yenyewe. Ukiangalia haraka utasema hiyo si mbali na ile 4.86. Pengo lenyewe liko kwenye gharama. Marupurupu ya mfanyakazi ni gharama ya biashara. Gawio si gharama, na matumizi ya nyumbani au ya binafsi hayapunguzi faida inayotozwa kodi. Ukarabati, uchakavu na riba ya mkopo wa ghorofa ile vyote vinarudishwa kwenye faida na kutozwa asilimia 30.

Mlango wa pango. Hajji anailipia kampuni milioni 3 kila mwezi kupitia benki, kwa mkataba. Mapato ya pango ya kampuni yanatozwa asilimia 30, baada ya kuondoa gharama zisizozidi nusu ya mapato hayo. Ikifika nusu, kodi ni milioni 5.4. Huu ndio mlango safi kuliko yote, na ndio unaochukiwa kuliko yote, kwa sababu mtu anaona uchungu kulipa pango kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Mlango wa deni. Kampuni inaandika kwamba Hajji anadaiwa. Unafaa kwa muda mfupi. Mkopo wa zaidi ya milioni 1 wenye riba chini ya kiwango cha Benki Kuu ya Uganda kilichowekwa kisheria unazaa marupurupu mengine. Na deni lisilolipwa hata shilingi kwa miaka minne linafanana sana na gawio lililovaa kanzu ya mkopo.

Angalia pia mtego wa mkurugenzi asiye na mshahara. Kuna wanaojilipa sifuri ili wasiguswe na PAYE, kisha mbele ya wakaguzi hujitetea kwamba nyumba ni marupurupu ya kazi. Asilimia 15 ya sifuri na milioni 36 ni milioni 5.4 tu, na kodi yake ni ndogo mno. Ni hesabu tamu, na utamu huo ndio unaomfanya mkaguzi aseme hakuna ajira hapo, huyu ni mwanahisa anayekula faida. Maoni yangu: asiye na mshahara wa kueleweka asiutegemee mlango wa mshahara.

Pili: pima jengo, usikisie

Mgogoro mwingi hupungua nusu siku ile mtu anapochukua futi kamba. Pima kila sakafu kwa mita za mraba. Tenga sehemu ya biashara, sehemu ya kuishi, na sehemu za wote kama ngazi, tangi la maji na maegesho. Hizo za wote zigawe kwa uwiano uleule.

Tuseme jengo lina mita za mraba 480 na makazi yamechukua 160, yaani theluthi moja. Ujenzi uligharimu milioni 600 bila ardhi, na kati ya hizo vifaa vya milioni 300 vilinunuliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, milioni 54, ambayo kampuni iliidai yote irudishwe na URA. Upangishaji wa makazi hauna VAT, na matumizi binafsi si biashara, kwa hiyo theluthi ya madai hayo, milioni 18, haikuwa haki yako. Uchakavu wa jengo la biashara ni asilimia 5 kwa mwaka, milioni 30 kwa jengo zima. Familia ikikaa humo kama wanahisa, milioni 10 zinakataliwa na kodi yake ni milioni 3 kila mwaka.

Riba ya kodi iliyochelewa ni asilimia 2 kwa mwezi. Zile milioni 18 za VAT zikikaa miezi 24 zinazaa milioni 8.64 juu yake. Ndiyo maana nasema kipimo kifanyike jengo likiwa bichi, kabla dai la kwanza la VAT halijatumwa.

Kipimo kifanywe na mpimaji aliyesajiliwa, na kilingane na mchoro ulioidhinishwa na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) au manispaa yenu. Mchoro ukisema "makazi" kwa sakafu mbili na wewe unasema moja, andaa maelezo. Pango la soko nalo litafutiwe mthamini aliyesajiliwa. Mikataba miwili mitatu ya nyumba za jirani zinazofanana ina nguvu, mradi iwe ya kweli na ya mwaka unaobishaniwa. Pango la leo halithibitishi pango la miaka mitatu iliyopita.

Tatu: ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo watu wanapopita haraka.

Mara nyingi hati ya ardhi, iwe ya mailo (umiliki wa kudumu ulio hasa Buganda) au nyingine, ina jina la mwenye kampuni. Kampuni inajenga juu yake. Kisheria jengo hufuata ardhi, kwa hiyo siku bati la mwisho linapopigwa, kampuni imemjengea mtu binafsi nyumba. URA ikiamua kwamba zile milioni 600 ni gawio, kodi ya zuio peke yake ni milioni 90, bila kugusa uchakavu wala VAT. Hapo hatuzungumzii tena ghorofa ya juu. Jengo zima limeingia kwenye mabishano, pamoja na maduka yanayofanya biashara kweli.

Dawa yake hufanywa kabla ya msingi kuchimbwa. Mwenye ardhi aipangishie kampuni kwa mkataba wa miaka mingi, usajiliwe kwenye ofisi ya ardhi, na kampuni ilipe pango la ardhi kwa benki. Mwenye ardhi atatangaza pango hilo. Mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama. Andikeni pia jengo litakuwa la nani mkataba ukiisha, na kama kampuni italipwa fidia. Kama ni ardhi ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa ni ya lazima. Mkataba uliosainiwa bila mama watoto kujua ni mgogoro wa pili unaousubiri wa kwanza uishe.

Na kama jengo limeshasimama na mkataba haukuwepo? Usiandike mkataba wa leo ukauwekea tarehe ya 2019. Kodi yote unayoweza kuokoa humo haifikii gharama ya kukamatwa na hati ya uongo. Andika mkataba wa leo kwa tarehe ya leo, na miaka ya nyuma itetee kwa ushahidi mwingine: malipo ya benki, kumbukumbu za vikao vya wakurugenzi, maduka yaliyokuwa yakifanya kazi.

Nne: karatasi zote ziseme neno moja

Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kwa jengo, mimi natunza tangu siku ya msingi hadi jengo liuzwe. Weka faili moja lenye mchoro ulioidhinishwa, risiti, mikataba ya mafundi, kipimo, ripoti ya mthamini na maazimio ya wakurugenzi.

Risiti zina masharti yake. Muuzaji aliyewekwa kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, asipokupa ankara ya kielektroniki, gharama hiyo haikubaliki. Ununuzi wa zaidi ya milioni 5 kwa mkupuo mmoja kwa mtu asiye na TIN nao haukubaliki. Mafundi wetu wengi hawana TIN, na hapo gharama ya kweli kabisa inapotea kwa kosa la karatasi.

Kisha kaa chini uzisome karatasi ulizopeleka ofisi nyingine. Nyumba ya makazi inayokaliwa na mwenyewe haitozwi kodi ya majengo ya manispaa. Je, ulisamehewa kwa kusema unakaa mwenyewe, huku URA umeiambia ni ofisi? Benki iliyotoa mkopo iliambiwa nini? Bima je? Na mita ya Yaka: sakafu zote zikiwa kwenye mita moja inayolipwa na kampuni, umeme wa pasi na jokofu la nyumbani umeingia kwenye gharama za duka. Mita ya pili ni ushahidi wa bei rahisi kuliko mwanasheria yeyote.

Tano: barua imefika

Ukiombwa nyaraka, jibu kwa maandishi, ambatisha orodha ya ulichotoa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au uthibitisho wa kielektroniki. Usikae na nyaraka ukidhani utazitoa mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi kama karata ya mwisho. Taarifa iliyoombwa na isipotolewa ndani ya siku 90 unaweza kuzuiwa kuitumia kwenye pingamizi au usuluhishi.

Kabla ya makadirio, yaani uamuzi wa URA wa kodi unayodaiwa, mkaguzi kwa kawaida hukuandikia alichokiona. Huu ndio wakati wa thamani kuliko wote, na watu huupoteza wakitafuta "mtu wa kuongea naye ndani". Peleka kipimo na hesabu. Mkaguzi aliyechukua jengo zima akionyeshwa mita 160 kati ya 480 ana sababu ya kuandika upya bila kuonekana ameshindwa.

Makadirio yakitoka, anza kuhesabu siku. Una siku 45 tangu kupokea uamuzi kuweka pingamizi. Ukiupokea 3 Machi, siku ya mwisho ni 17 Aprili. Nami niliwahi kuumia hapa: makadirio ya mteja yalitumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa kwenye TIN, nayo ilikuwa ya mhasibu wa zamani aliyekwisha kuondoka. Sikuwahi kuikagua. Tuligundua benki ilipozuia akaunti, tukabaki kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu. Ingia leo kwenye akaunti yako ya URA uangalie barua pepe ni ya nani.

Pingamizi lisiwe kilio. Tenganisha mambo matatu: ukweli, sheria na hesabu. Ukweli: makazi ni theluthi, si jengo zima. Sheria: ghorofa imetozwa kama marupurupu na pia kama gawio, na faida moja haiwezi kuwa vitu viwili. Hesabu: riba imeanza kuhesabiwa mwezi usio sahihi. Kila hoja iwe na kiambatisho chake. Weka hoja zote, hata dhaifu kidogo, kwa sababu ukifika mbele hoja mpya zinaweza kukataliwa. Sehemu unayokubali ilipe, riba isiendelee kuila. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini shughuli hii yote bado inaendeshwa kwa Kiingereza. Usisaini usichokielewa. Mwambie anayekuandikia akusomee kwa lugha yako neno kwa neno.

Kamishna wa URA ana siku 90 kujibu. Zikipita kimya, unaweza kumwandikia kwamba umechagua kuhesabu pingamizi lako limekubaliwa. Haitokei yenyewe, lazima uandike.

Jibu likiwa baya unaweza kuomba usuluhishi ndani ya URA, ambao umewekewa kanuni tangu 2023. Kwa migogoro ya kugawa jengo naupenda, maana hubishaniwa zaidi uwiano kuliko sheria. Lakini usiuache ukusahaulishe kalenda: kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, lililoundwa kwa sheria ya 1997, una siku 30 tangu kupokea uamuzi wa pingamizi. Peleka ombi hata kama mazungumzo yanaendelea vizuri.

Kwenye baraza utatakiwa kuweka asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au sehemu usiyoibishia, ile iliyo kubwa. Makadirio ya milioni 60 yanadai milioni 18. Lakini kama umekubali milioni 25, utaweka 25. Mzigo wa kuthibitisha ni wako: URA haihitaji kuthibitisha kwamba mnalala pale, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi. Ukishindwa, rufaa ya Mahakama Kuu ni ndani ya siku 30 na ni kwa maswali ya sheria. Ukubwa wa sebule yako hautajadiliwa tena huko.

Kama bado hujakaguliwa na umeona makosa yako, jitangaze mwenyewe. Tangu 2023 Bunge limewahi zaidi ya mara moja kusamehe riba na adhabu kwa wanaolipa kodi ya msingi ndani ya muda uliowekwa. Muulize mshauri wako kama dirisha liko wazi.

Sita: kuitoa nyumba kwenye kampuni

Wengi wakishachoka husema, "Basi, andika hiyo nyumba kwa jina langu." Inawezekana, lakini si bure. Uhamisho kati ya kampuni na mwenyewe huhesabiwa kwa bei ya soko hata kama mmeandikiana shilingi moja. Ongezeko la thamani ni faida ya kampuni na linatozwa asilimia 30. Ushuru wa stempu wa uhamisho ni asilimia 1.5. Na kama hukuilipa kampuni bei hiyo, tumerudi palepale: umepewa gawio la nyumba nzima.

Kwa hiyo ukitaka kuitoa, itoe kwa kuinunua. Ripoti ya mthamini, azimio la wakurugenzi, na pesa inayoonekana ikitoka kwako kwenda kampuni. Kama wewe unaidai kampuni kwa mikopo uliyoipa miaka ya mwanzo, deni hilo linaweza kulipia sehemu ya bei, mradi lilikuwa vitabuni tangu zamani. Jengo likiwa moja lenye duka chini, kwanza ombeni hati za sakafu zigawanywe, ili ununue ghorofa ya kuishi peke yake na kampuni ibaki na maduka yake. Baada ya hapo badilisha jina la mita ya juu, iwe yako.